Frigo ya bibi na moto ya ajenti

Juma hii, kwenye ofisi moja ya mikopo hapa Bunia, mwalimu mmoja alikuja kukopa akingojea mushahara. Bibi yake wa ndoa alipaswa kutia sinyatire, ni kusema sahihi yake, maana rehani ilikuwa frigo yake ya kuuzia maji ya baridi.

“Na mushahara ikichelewa?” bibi akauliza ajenti wa ile ofisi.

“Haiwezi kuchelewa, mama!”

“Basi papa, ile moto yako, ile pikipiki iko inje, iandike nayo rehani pembeni ya frigo yangu.”

Ajenti akaiangalia moto dirishani kama mutu anaangalia mutoto wake mugonjwa. Akakohoa. “Moto tuiache, mama. Tuwaongezee mwezi moja ya kulipa.”

Bibi akatia sinyatire. Siye tuliokuwa kwenye mustari tukingojea zamu yetu tukacheka sana.

Mukienda kukopa, wapenzi wasomaji, muulize vile. Lakini muwahi: zamu yangu ilipofika, ajenti alikuwa amekwisha kusukuma moto yake nyuma ya nyumba.