Stesheni Ndogo ya Bluff

Baada ya kumzika mama kule Lubumbashi, Papa alikuja kuishi nami Durban, na tangu afike hakuwa akiongea. Maisha yake yote alikuwa mkuu wa stesheni ndogo kwetu. Huku hakujua Kizulu wala Kiingereza. Nikirudi jioni kutoka saluni, namkuta amekaa tu, macho dirishani.

Jumapili moja baada ya ibada nilimpeleka Bluff, mtaa wa pwani hapa Durban, apate upepo. Nyuma ya maghala tukakuta jengo la matofali mekundu, paa limetoboka, vichaka vimeota kati ya mataruma ya reli. Papa akasimama ghafla.

"Hii ni stesheni," akasema.

Bibi mmoja aliyekuwa akichuma mboga za porini hapo akatusogelea. Alikuwa wa ukoo wa Wazanzibari, watumwa waliokombolewa wakaletwa Bluff zamani. Alisema Kizulu, nami nikamtafsiria Papa. Stesheni ile ilijengwa enzi za malkia wa Waingereza, na babu yake alibeba mawe ya jukwaa lake. Haikudumu. Reli nyingine ilipitishwa karibu zaidi na bandari, treni zikaacha kusimama hapa.

"Muulize, mkuu wa stesheni alikwenda wapi?" Papa akaniambia.

Bibi akacheka. "Eish! Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Babu alisema alibaki. Alilima viazi hapo nyuma, na kila asubuhi alivaa kofia yake ya kazi."

Papa akaketi kwenye ukingo wa jukwaa, machozi yakamtoka.

"Na kwetu treni ziliacha kuja," akasema. "Wewe ulikuwa mdogo, hukujua. Lakini mimi nilikuwa naenda stesheni kila siku. Mama yako alikuwa ananiletea chai saa nne, kama vile treni iko njiani. Hakunicheka hata siku moja."

Kweli sikujua. Niliikumbuka ile birika, na mama akitoka haraka haraka, kitenge kimekazwa kiunoni.

Nilipomtafsiria bibi, aligawa mboga zake na kumwekea Papa fungu mapajani.

"Mwambie azichemshe na karanga."

Jioni ile Papa aliomba kisu, akakatakata mboga mwenyewe huku akinisimulia jinsi alivyomposa mama. Siku hizi tunakwenda wote saluni. Wateja wa kwetu wakisubiri kusukwa, yeye ndiye mwenye maneno.