Jina Lisilo na Maiti

Jina la mwanangu nililipata kwenye simu, katika orodha ya majina adimu ya Wabaski, watu wa milimani kati ya Hispania na Ufaransa. Siwajui, sijui hata wanakula nini. Nililipenda kwa sababu moja tu: kutoka Kisumu hadi Asembo Bay hakuna maiti aliyewahi kuitwa hivyo.

Siku ya nne baada ya kujifungua, wifi zangu watatu walifika na mama yao kutoka Asembo, wamebeba dagaa wa omena na jina lao tayari. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, husemwa analilia jina. Hutajiwa wafu wa ukoo mmoja mmoja, na yule atakayemnyamazisha ndiye aliyerudi. Wao walishaamua aliyerudi ni baba yao, tuliyemzika nikiwa na mimba ya miezi minane.

Mzee yule alikuwa akitema kohozi kwenye ukuta wangu na kumwita mkewe mbwa mbele ya wageni. Na siku moja nilipopiga magoti kumnawisha mikono kabla ya chakula, mkono wake, ukiwa bado unachuruzika maji, ulinipapasa paja chini ya meza. Baba mkwe! Kwetu hata kusalimiana naye kwa mkono ni mwiko. Sikumwambia mtu. Mume wangu alimlilia babake hadi sauti ikakauka, ningeanzia wapi? Sasa nimnyonyeshe mwanangu huku nikitamka jina la mchafu yule? Ptuu!

"Hiyo jina yako ni kama ya dawa ya panya," wifi mkubwa alisema. "Nani alikufa hapa akiitwa hivyo?"

Mtoto alianza kulia, nao wakamsukumia mama yao, maana nyanya ndiye hutaja. Mama mkwe alimchukua mtoto, akawapa binti zake mgongo, akasimama mbele yangu karibu na kikombe changu cha maji matamu ya glukosi.

Alitaja babu wa mumewe. Kilio. Alitaja shemeji yake aliyezama ziwani. Kilio. Alitaja jina la mumewe, haraka haraka, na mtoto akazidi kupiga mayowe. Ndipo nikamwona akichovya kidole kikombeni. Akalitamka jina langu la Kibaski, taratibu, bila kukosea hata kidogo, na kidole kikaingia mdomoni mwa mtoto.

Kimya.

"Mama, rudia ya Baba," wifi mkubwa alisema, sauti imempungua.

"Imekataa. Nendeni mkapike."

Walipoingia jikoni alinirudishia mtoto. Alifuta kidole kwenye leso yake, akafuta tena na tena, ingawa kilikuwa kimekauka.

"Niliona mkono yake chini ya meza, mtoto wangu," alininong'oneza. "Wacha hiyo jina ioze na yeye."