Sahani ya Santuri Niliyoifukiza Udi

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, hapa Bordesley Green, ni mama wa Kiingereza aliyestaafu kama mimi. Anajua nina gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, maana Jumapili taarabu zangu humfikia kupitia ukutani, na hajawahi kulalamika. Basi alipoikuta santuri ya bibi yake katika chumba cha chini ya nyumba, mtu wa kwanza kumjia akilini nilikuwa mimi.

Bibi yake huyo alikuwa mwimbaji wa opera, mwenye sauti ya juu kabisa ya kike, zama ambazo filamu zilikuwa bado bubu. Alikuwa binti wa fundi wa vifungo wa hapa hapa Birmingham. Walimtoa kwenye kwaya ya kanisa wakampeleka London, na kwa miaka michache alizunguka majumba makubwa akiimba sehemu za wanawake wanaokufa kwa mapenzi. Akarekodi santuri kadhaa. Maikrofoni hazikuwapo, mtu aliimba ndani ya pembe kubwa la bati, na kila mara bibi huyo alipokaribia kupandisha sauti juu, bwana mmoja alimshika kiuno akamvuta nyuma, ili sauti isiirushe sindano. Alilichukia jambo hilo mpaka kufa. Kisha akaolewa, koo likamharibikia, akanyamaza. Santuri nyingine zilipotea katika kuhamahama. Ilibaki hii moja.

"Mimi nilimsikia akikohoa tu," jirani aliniambia. "Kuimba, hata siku moja. Utanipigia Jumamosi?"

Nikamwambia bila shaka, naye akaniachia.

Tatizo lilikuwa harufu. Santuri ilinuka ukungu wa miaka. Nikaifuta kwa kitambaa, haikusaidia. Sasa kwetu Unguja, kitu kikikataa kutoka harufu, tunakifukiza kwa moshi wa udi. Mke wangu alikuwa ametoka kufukiza nguo zetu za harusi ya mpwa wake. Lile tundu la fito la kutandazia nguo, mfano wa kizimba cha kuku, lilikuwa bado limefunika chetezo cha udi, na makaa yangali hai. Nikailaza santuri juu ya tundu kama ninavyolaza kanzu, nikaongeza kipande cha udi, nikaenda kuchemsha chai.

Niliporudi, ilikuwa imelegea na kuning'inia pembeni kama chapati.

Sina pa kujificha hapa. Ujanani nilifanya kazi posta, nikiyeyusha lakiri na kupiga mihuri kwenye vifurushi, na santuri za kale zile ni jamaa ya lakiri, hulainika kwa moto vile vile. Nilijua. Ila sikutumia akili, na haikuwa mara yangu ya kwanza.

"Umefanya nini, bwana wee?" mke wangu aliuliza.

"Nimeifukiza."

"Umefukiza nini, maiti? Mwanamke wa watu kafa zamani, wewe unamzika mara ya pili!"

Nilisimama pale nikiwaza: na nikisema ilikuja hivi hivi, imepinda? Nani atajua? Mke wangu aliisoma fikra hiyo usoni kwangu. Ameishi nami miaka mingi.

"Usithubutu," alisema. "Nenda."

Nilimweleza jirani yote pale pale mlangoni kwake, kofia mkononi.

"Imevunjika?"

"Haijavunjika. Imepinda."

"Mimi pia nimepinda," alisema, akichukua fimbo yake, "na bado natembea. Twende tuitazame."

Dawa aliitoa mke wangu. Alichomoa rafu mbili za kioo kwenye friji, maziwa na mabamia yakahamia mezani, tukaibana santuri katikati. Akawasha oveni kwa joto dogo, lililozidi kidogo tu lile la kuumulia maandazi, akaitia humo na vioo vyake. Wazee watatu tukakaa jikoni tukiutazama mlango wa oveni kama ndugu wanaongoja nje ya chumba cha uzazi. Ilipolainika, tukaitoa na vioo vyake, tukaikandamiza kwa gunia la mchele mpaka ikapoa kabisa.

Ilitoka bapa, isipokuwa ukingo mmoja. Nilishusha sindano.

Mwanzoni sauti iliyumba, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji. Kisha ikatulia, nyembamba, safi, nyuma ya mkwaruzo kama mvua ya hapa. Ikapanda. Na ilipofika karibu na kilele, ghafla ikawa mbali.

"Wamemvuta!" Jirani alinidaka mkono. "Umesikia? Wamemvuta!"

Nilisikia. Na nilimsikia akirudi kwenye lile pembe la bati, karibu zaidi, na nguvu zaidi, kama aliyejinasua.

Mke wangu aliinuka. Alifungua pindo la kanga, akatoa noti ya pauni tano, akaenda kwa madaha mpaka kwenye gramafoni, akaipeperusha na kuiweka chini ya pembe.

"Hiyo ya nini?" jirani aliuliza, huku machozi yanamtoka.

"Ya kumtunza. Kwetu mwimbaji akikuingia moyoni, hukai kitini, unainuka na zawadi."

Jirani alipekua mkoba wake. Hakukuta ila pipi ya mnanaa. Akaegemea fimbo, akainuka, akaenda kuiweka kando ya noti.

Kisha akainama akainusa santuri iliyokuwa bado ikizunguka. "Inanukia vizuri," alisema. "Ipige tena."

Nikataka kusimama nizungushe mkono wa gramafoni, nikachelewa. Mke wangu akazungusha yeye.