Konzi ya Mtama ya Domisiana

Jirani yangu Domisiana alikuwa mtu wa kucheka, ila usimgusie kikapu chake. Kilisukwa na mama yake, kina mfuniko mrefu uliochongoka, na kila binti wa nyumba ile aliolewa kikitangulia mbele yake. Mwaka 1974, tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa hapa Ngara, vyombo vyetu vilirushwa kwenye lori kama kuni. Ndipo akapita bwana Pancras, wa makumbusho fulani ya mjini, akikusanya vitu vya kale. Domisiana akamkabidhi kikapu akitunze hadi apate nyumba, na kabla ya kukitoa akatia ndani konzi ya mtama. Pancras akampa kanga ya shukrani.

Kwetu kikapu cha kuazima hakitoki kitupu. Mwenyewe anatia kitu, na anayekirudisha naye anatia chake. Cha kupewa moja kwa moja ndicho hutoka kitupu. Hata mtoto anajua. Pancras, pamoja na usomi wake wote, hakujua.

Miaka miwili baadaye Esperansia, binti wa Domisiana, akachumbiwa, naye mama akaomba kikapu chake. Akajibiwa kwamba ni mali ya makumbusho, alikiuza kwa kanga. Kama hiyo haitoshi, padri wetu akarudi kutoka mjini na kadi ya posta: picha ya kikapu kile kile, mfuniko umewekwa kando, inauzwa kwa wageni! Domisiana alilia. Mimi nilitukana, na sijutii.

"Nyumba yangu ilivunjwa nikanyamaza," alisema. "Na mwanangu naye atoke hapa kama mtu asiye na kwao?"

Tukaenda mahakama ya mwanzo.

"Mheshimiwa hakimu," Pancras alieleza, "alitupatia kikapu kwa hiari yake, tukampa kanga. Kitu kikishakuwa chetu, na picha zake ni zetu."

Mzee Matiasi, mmoja wa wazee wa baraza waliokaa na hakimu, akaomba aione ile kadi. Akaisogeza karibu na macho.

"Kijana, huu mtama uliomo ndani aliutia nani?"

"Tulikipokea nao, mzee. Mpiga picha akasema tuuache, unapendeza."

Watu wakaangua kicheko. Pancras akageuka huku na huku, maskini, asijue anachekwa nini, mpaka Matiasi alipomweleza. Nilimwonea huruma. Kidogo tu.

Hakimu akaamua: kanga ni shukrani, si bei. Na aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze hana ruhusa ya kuifanyia biashara, hata ya picha, bila idhini ya mwenyewe. Kikapu kirudi, kadi zisiuzwe tena.

Pancras alikileta mwenyewe, na ndani alikuwa ametia chumvi. Domisiana akampokea kwa mikono miwili.

Siku ya harusi, kikapu cha bibi harusi hutoka kitupu, maana binti ametolewa. Domisiana akakifunua mbele ya wakwe wote, akamwaga ndani konzi ya mtama, akawatazama machoni.

Baba mkwe akakitazama kikapu, kisha akamtazama yeye.

"Tumekuelewa, mama," akasema. "Tutamrudisha akusalimie, na hatarudi mikono mitupu."

Mwaka uliofuata Esperansia alikuja, kikapu kichwani, mtoto mgongoni.