Chumba Kilichojibu

Baada ya mazishi ya mama, aliyeugua kifua muda mrefu, baba yetu mkubwa na ndugu zake walibeba godoro, kabati, makochi na mapazia, wakasema wanatutunzia. Niliacha shule nikaenda Makambako kuuza mitumba kwa mzee mmoja wa Kiislamu. Wadogo zangu wawili wakabaki Yakobi, katika nyumba tupu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yamejaa redio kaseti. Nilipopata ya kwangu niliipeleka nyumbani. Tulikuwa na kanda moja ya kwaya ya usharika, mama akiwa mmoja wa waimbaji. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameisahau sauti ya mama na alitaka kuisikia.

Nikaweka kanda. Sauti ziligonga saruji na bati, zikarudi, zikapandana.

"Mama ni yupi?" akauliza.

Sikuweza kumwonyesha.

Tajiri wangu, yule mzee wa mitumba, aliponisikia nikiilaumu redio alicheka. "Mwanangu, redio haina ubaya. Simama katikati ya chumba, piga kofi. Kikikujibu, ujue ndani hamna kitu."

Niliporudi Yakobi nikapiga. Kikajibu, kwa ukali zaidi kwenye kona lilipokuwa kabati.

Nilikwenda kwa baba mkubwa kuomba walau godoro, nikamweleza ni la kumeza mwangwi wa redio. Nilimkuta amelikalia.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Kumbe siku hizi redio nayo inalalia godoro? Basi itafutie na mto."

Watoto wake wakacheka. Niliaga kwa adabu, kama tulivyolelewa. Adabu hiyo inanichoma hadi leo.

Tajiri akaniazima makoti mazito yaliyokosa wanunuzi. Tuliyatundika ukutani kwa misumari. Nikawa napiga kofi, nahamisha koti, napiga tena, mpaka kofi likawa linafia mkononi. Mdogo wangu wa kati alikuwa akitetemeka kwa baridi.

"Kuta zimevaa kutushinda," akasema.

Safari hii kanda iliimba safi. Kila sauti ilikaa mahali pake, na kati ya beti tukasikia kitu ambacho mwangwi ulikuwa umekifunika: mtu anakohoa, anajizuia, anakohoa tena.

"Mama huyo," akasema mdogo wetu wa mwisho.

Ubeti uliofuata nilimwonyesha sauti ya mama, ile nyembamba iliyotangulia wenzake. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Huyo hakumjua.