Kadi za Kompyuta Nilizozitia Kwenye Faili

Msinicheke kabla sijamaliza. Miaka ile ya sabini, ofisi yetu ya Mbeya ilinipeleka Iringa kusomea kompyuta ambayo wala haikuwepo Iringa. Mashine yenyewe ilikuwa Dar es Salaam. Sisi tuliiandikia maagizo kwa kutoboa kadi, kila tundu na maana yake, kisha kadi zikapakiwa kwenye basi. Ambaye kazi yake ingekubaliwa na mashine, angehamishiwa huko. Mimi nilikuwa nimeshaaga mpaka kinyozi wangu.

Wenzangu walifunga kadi zao kwa mpira tu, nikawahurumia. Karani wa miaka tisa kazini hatumi kazi ovyo namna ile! Zangu nilizipanga kwenye faili, nikafunga kamba, nikagonga na muhuri.

Majibu yalipokuja, mkufunzi aliinua kadi yangu mbele ya darasa.

“Ndugu Mwakalinga, mashine imezikataa zote. Haya matundu mawili makubwa pembeni ni maagizo gani?”

“Hayo siyo maagizo, mwalimu,” nikamwelewesha kwa sauti ya mtaalamu. “Ni ya kupitishia kamba ya faili.”