Vatsala na Kisanduku cha Intaneti

Kwa miaka arobaini pale Miraj, mji wa India, Vatsala Gurav alifunga na kulinganisha nyuzi za tanpura, ala inayovuma mfululizo kuwashikia waimbaji sauti. Ukimwambia hasikii vizuri, umeitukana kazi yake yote. Na aliyethubutu ni mkwewe, Prathamesh, fundi wa mitandao ya kompyuta.

Prathamesh alifunga kisanduku cha intaneti kwenye ukuta wa sebule, akakichomeka kwenye soketi moja na redio kaseti ya mama mkwe. Kesho yake Vatsala aliweka kaseti ya marehemu dada yake akiimba. Nyuma ya sauti akasikia mkwaruzo mwembamba, kama mchanga unaochekechwa.

"Mama, kaseti imezeeka hiyo."

"Juzi ilikuwa nzima. Imezeeka jana?"

"Basi labda ni masikio. Kisanduku kinapitisha data tu, hakigusi muziki."

"Sijakuuliza kinapitisha nini. Nakwambia kinachafua umeme!"

"Usimchokoze mama," Ketaki, mkewe, akamwonya. "Utaumbuka."

Jumapili, baada ya mikate ya mtama na mchuzi wa biringanya, Vatsala aligeukia ukuta, akajifunika macho kwa pindo la sari.

"Haya, chomoa, chomeka, fanya utakavyo."

Kaseti ikawa inaimba. Prathamesh akachomoa kisanduku.

"Kimezimwa," Vatsala akasema.

Akachomeka.

"Kimewaka."

Mara sita hakukosea. Ya saba, mkwe akatikisa waya bila kuuchomoa.

"Hujafanya kitu, mjanja we. Bado kinakwaruza."

Ketaki akapiga makofi.

"Bahati tu," Prathamesh akanung'unika.

Vatsala akaleta redio yake ndogo ya betri, akaisogeza karibu na adapta ya kisanduku. Redio ikanguruma hadi Ketaki akaziba masikio.

"Na hii nayo imezeeka?"

Kesho yake mkwe akaja na adapta nyingine, nzito kama tofali. "Hii ni tulivu, Mama."

"Ikatulie chumbani kwenu."

Vatsala akachukua bisibisi, akakifungua kisanduku kutoka ukutani kwa mkono wake.

"Lakini Mama, huku mezani kwangu mtandao hautashika!"

"Hamisha meza."

Alasiri ile kaseti ilipoanza, ilisikika hata pumzi aliyovuta dada yake kabla ya kuimba. Prathamesh alisimama mlangoni, kompyuta kwapani, hadi upande wa kwanza ukaisha. Radhi hakuomba. Aliuliza tu upande wa pili una nini.